Kuchora nebula kutoka Mwanza: kwa nini wingu lako ni la kijivu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchora mabango hapa Kirumba, Mwanza. Nimepata darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 130 na urefu wa fokasi milimita 650, pamoja na lenzi mbili za jicho, ya milimita 25 na ya milimita 10. Kwa kuwa kuchora ndiyo kazi yangu, nilidhani kuchora nebula kutakuwa rahisi. Ila kila nikitazama Nebula ya Orion naona moshi wa kijivu tu, wakati kwenye simu kuna waridi, zambarau na buluu. Nichore ninachokiona au ninachojua kuwa kipo? Halafu taa za wavuvi wa dagaa zinanikera sana. Je, nitafute darubini kubwa zaidi?

JIBU: Marahaba, fundi. Darubini yako ni nzima na macho yako ni mazima. Moshi huo wa kijivu ndiyo Nebula ya Orion, wingu la gesi na vumbi huko angani, kama jicho la binadamu linavyoipokea, iwe Kirumba au juu ya mlima mkavu kule Chile. Kwa hiyo swali lako kubwa lina jibu fupi: chora unachokiona, na unachokijua kiandike kwenye daftari lingine. Sababu zake ndizo ndefu, na inafaa uzijue, maana fundi anayeelewa kwa nini ukuta haushiki rangi hahangaiki kubadilisha brashi.

Ndani ya jicho kuna aina mbili za seli zinazopokea mwanga. Za mchana hutofautisha rangi lakini zinadai mwanga wa kutosha. Za usiku hutosheka na mwanga hafifu mno, ila hazijui rangi hata moja. Nebula karibu zote ni hafifu kiasi kwamba seli za mchana haziamki kabisa. Tena kuna jambo la pili ambalo wengi hawaelezwi. Ule wekundu wa kwenye picha unatoka kwenye haidrojeni inayong'aa katika urefu wa wimbi wa nanomita 656, na wimbi hilo seli za usiku karibu hazilioni. Zenyewe hupokea vizuri zaidi mwanga wa karibu nanomita 500. Hapohapo, kwenye nanomita 500.7 na 495.9, ndipo inapong'aa oksijeni iliyopoteza elektroni mbili. Mwingereza William Huggins aliikuta mistari hiyo mwaka 1864 alipochambua mwanga wa nebula moja ndogo ya anga la kaskazini. Haikufanana na kitu chochote cha maabara, watu wakaja kuidhania elementi mpya na kuiita nebulium. Mpaka mwaka 1927 ndipo Mmarekani Ira Bowen alipoonyesha kwamba ni oksijeni hiihii tunayoijua, ikiwa ndani ya gesi nyembamba mno.

Basi kamera yenye wekundu wake na jicho lako lenye kijivu chake vinasoma gesi tofauti za wingu lilelile. Kamera inakomba mwanga kwa dakika nyingi, pengine saa nzima, na haidrojeni inatawala. Jicho linakusanya mwanga kwa sehemu ya sekunde tu na kutegemea zaidi oksijeni. Ukichukua umbo la kwenye simu ukalipaka kwenye mchoro wako, utakuwa umechanganya vipimo viwili na kuviharibu vyote. Kwenye M42, yaani hiyohiyo Nebula ya Orion, kitovu kinang'aa vya kutosha hadi baadhi ya watu huona dokezo la kijani. Ukiliona, andika pembeni «kijani kidogo katikati», usitie rangi.

Kuhusu darubini kubwa, ni kweli inakusanya mwanga mwingi, lakini mwanga huo inautandaza juu ya taswira kubwa zaidi. Nyota ni nukta, kwa hiyo nyota zitang'aa zaidi. Wingu lililotanda halifuati kanuni hiyo: mng'ao wa kila kipande chake hauwezi kuzidi ule unaoonekana kwa macho matupu, uwe umenunua kioo cha bei gani. Unachopata ni ukubwa, na ukubwa una faida, kwa sababu jicho la gizani hugundua doa pana hafifu kwa urahisi kuliko doa dogo la mng'ao uleule. Lakini waridi na zambarau hutazipata. Baki na milimita 130.

Fedha na jasho vielekeze kwenye giza. Macho yanahitaji karibu nusu saa kuzoea giza ipasavyo, na kuitazama simu mara moja tu kunayarudisha mwanzo. Tumia tochi ndogo uliyoipaka kioo chake rangi nyekundu ya kucha, makoti mawili au matatu mpaka mwanga ubaki kama kaa la moto linalozimika. Ukishazoea giza, jifunze kutazama kwa pembeni. Katikati ya jicho hapana seli za usiku, hivyo ukiikazia nebula macho moja kwa moja inafifia. Kama unatumia jicho la kulia, elekeza macho kulia kidogo ya nebula. La kushoto, elekeza kushoto. Ukikosea upande, taswira inaweza kuangukia lile doa la jicho lisiloona kitu, nawe utadhani nebula imetoweka. Na pale ambapo huna hakika kama kuna kitu, gonga bomba la darubini kwa ncha ya kidole. Jicho hukamata haraka kitu hafifu kinachotikisika kuliko kilichotulia.

Sasa hao wavuvi. Wewe na wao mnagombea usiku mmoja. Mvuvi wa dagaa anatoka mwezi usipokuwepo, kwa sababu kwenye mbalamwezi taa yake haivuti dagaa vizuri, na wewe unalitafuta giza hilohilo. Usisubiri wazime. Pia tofautisha madhara mawili. Kinachopausha anga lako Kirumba ni taa za jiji: barabara, maduka, baa na mabango (ndiyo, na mabango). Taa za mitumbwi zilizo mbali ziwani zinaliumiza jicho zaidi kuliko zinavyoliumiza anga, hasa hizi za LED nyeupe zenye buluu nyingi zilizochukua nafasi ya karabai, na jicho linakingika. Jifunike kichwa pamoja na lenzi ya jicho kwa kitenge kizito cheusi. Au weka jiwe kati yako na ziwa. Mwanza hakuna uhaba wa mawe. Ila usisimamishe darubini juu ya jiwe lenyewe. Granaiti iliyopigwa na jua mchana kutwa hutoa joto mpaka usiku mkubwa, hewa juu yake inatetemeka, na nyota zinavimba. Simama kwenye nyasi, jiwe liwe ukuta wako.

Anga la jiji halikingiki kwa kitenge, hapo inabidi usafiri. Watu watakuambia nenda Kayenze, ni pazuri na pana giza. Mimi nauliza kwanza: unachora nini? Mwanza iko kama nyuzi 2 na nusu kusini ya ikweta, kwa hiyo Orion inapita karibu kabisa na utosi wako, nyuzi 3 tu pembeni, na popote penye giza panafaa. Lakini Nebula ya Carina, katika kundinyota la Mkuku, haipandi zaidi ya nyuzi 33 hivi upande wa kusini, na Nebula ya Tarantula, iliyo ndani ya galaksi ndogo ya jirani iitwayo Wingu Kubwa la Magellan, inaishia kama nyuzi 23. Ukiwa Kayenze, kaskazini ya jiji, mwanga wote wa Mwanza utakuwa umekaa chini ya nebula hizo. Kwa anga la kusini nenda Misungwi, jiji ulipe mgongo. Na kama ni ufukweni popote, uliza wenyeji kuhusu viboko kabla ya kukaa, maana hutoka majini usiku kula majani, na mtu aliyejifunika kitenge hamwoni kiboko.

Tuje kwenye kuchora. Kwenye bango umezoea kuanza na umbo kubwa, kisha mapambo. Huku anza na nyota. John Herschel alipokuwa Rasi ya Tumaini Jema kati ya 1834 na 1838, aliichora Nebula ya Carina kwa kupima kwanza mahali pa nyota zaidi ya 1,200, akaligawa eneo kuwa pembetatu, halafu ndipo akajaza wingu katikati ya nyota hizo. Ilimla miezi. Wewe nyota kumi na tano zinakutosha, lakini mpangilio ni uleule, kwa sababu wingu halina kona ya kushikia vipimo na nyota zinazo.

Chora duara la kama sentimita 10 kwa mfuniko wa kopo, kwenye karatasi nyeupe isiyo laini sana. Duara hilo ndilo eneo unaloliona kwenye lenzi. Kwa lenzi yako ya milimita 25 unakuza mara 26 na kuona karibu nyuzi 2 za anga, ambazo zinatosha upanga wote wa Orion, yaani ule mstari mfupi wa nyota ambamo nebula imo. Weka nyota tatu au nne zenye nguvu, uzipime kwa macho: je, hizi tatu zinafanya pembetatu ya pande sawa, au moja imeinama? Hiyo ya nne iko usawa wa saa ngapi kwenye duara? Zikishakubaliana, ongeza ndogo. Nyota kubwa ifanye nukta nene zaidi, usiipe miale. Darubini ya aina yako inapindua taswira juu chini. Iache hivyohivyo, usijaribu kuigeuza kichwani. Ili kujua pande, acha darubini itulie bila kuisukuma. Karibu na ikweta ya anga, yaani mstari wa anga ulio juu ya ikweta ya dunia, nyota husogea digrii 1 kila dakika 4, na ukingo zinakopotelea ndio magharibi. Weka alama ya M hapo. Kwa lenzi ya milimita 10, inayokuza mara 65, zitavuka duara lote kwa dakika tatu hivi, kwa hiyo usitumie lenzi hiyo mpaka mkono uzoee kusukuma huku jicho likichora.

Na kwa kuwa Orion inapita utosini, utagundua kwamba darubini iliyoelekezwa juu kabisa ni ngumu kuisogeza. Ianze saa moja kabla haijafika huko. Mapema Februari inafika juu kabisa karibu saa tatu na nusu usiku, basi saa mbili na nusu uwe umeshazoea giza.

Wingu ndilo la mwisho. Saga ncha ya penseli ya 4B kwenye kipande cha karatasi, chovya kisiki cha karatasi iliyosokotwa au kijiti cha pamba cha masikio kwenye unga huo, ufute kwanza pembeni ili kibaki kidogo sana. Anzia kwenye kitovu, ambako kwa mchoro wa penseli panakuwa peusi zaidi, halafu toka nje kwa kupapasa. Jiulize jambo moja kila mahali: ukingo huu unakatika au unafifia? Hilo ndilo litakalotofautisha mchoro wako na moshi wa kubuni. Kwenye M42 ukingo unakatika ghafla pale ghuba jeusi linapoingia kuelekea zile nyota nne zilizosongamana katikati, zinazoitwa Trapezi. Ghuba hilo huitwa Mdomo wa Samaki. Mabawa mawili yanayotandaza mikono nje yanafifia polepole, na hapo usiweke mstari wowote. Kaskazini kidogo, ng'ambo ya ukanda wa giza, kuna doa dogo lenye nyota yake: hiyo ni M43, mwanzoni wengi huiruka. Kanda za giza usizichore, zifukue kwa raba uliyoikata iwe na ncha.

Chukua dakika arobaini kwa kitu kimoja. Dakika ya kwanza utaona moshi. Bawa la pili na yale makunyanzi ya karibu na Trapezi huja baadaye, jicho linapoacha kushangaa na kuanza kuuliza. Mimi simpendekezei mtu kumaliza mchoro palepale kwenye darubini. Chora rasimu, andika namba za mng'ao, 1 kwa kinachong'aa zaidi hadi 5 kwa kinachoonekana kwa tabu, kisha usafishe nyumbani kabla hujalala. Ukiacha mpaka kesho, kumbukumbu itaanza kuazima kutoka kwenye picha ulizowahi kuziona. Ukitaka mbingu nyeusi, piga picha mchoro na uugeuze rangi kwenye simu. Karatasi nyeusi na chaki nyeupe ni nzuri pia, lakini gizani huoni unachokifanya.

Pembeni andika tarehe, saa, mahali, lenzi, na nyota hafifu kuliko zote uliyoiona bila darubini. Usione ni urasimu. Mholanzi Christiaan Huygens aliichora Orion mwaka 1656 akiwa ameona nyota tatu tu kati ya zile nne za Trapezi. Baada yake wengi waliichora, na michoro ikatofautiana hadi katika karne ya 19 wanaastronomia wakabishana kama nebula yenyewe inabadilika umbo. Mwaka 1882 Edward Holden alichapisha kazi nzima ya kuilinganisha michoro hiyo. Tofauti nyingi zilikuwa za macho, darubini na hali ya hewa, na mchoro usioeleza mambo hayo haumsaidii anayetaka kulinganisha.

Ipo nebula inayobadilika kweli, na iko ndani ya uwezo wa kioo chako. Inaitwa NGC 2261, mashariki ya Orion kidogo. William Herschel aliigundua mwaka 1783, na mwaka 1916 Edwin Hubble akaeleza mabadiliko yake. Ina umbo la kipepeo cha kuchochea moto, na nyota iitwayo R Monocerotis kwenye kishikio. Mawingu ya vumbi yaliyo karibu na nyota hiyo hutupa vivuli juu ya nebula, na vivuli vinahama ndani ya majuma. Ichore kwa lenzi ya milimita 10 kila mwezi unapokuwa gizani, kuanzia Januari hadi Machi, kila mara bila kuitazama karatasi ya nyuma. Kwa kazi hiyo mchoraji wa Mwanza ana faida kuliko wa Ulaya, kwani huipata juu kabisa.

Adui wa pwani ya ziwa ni unyevu. Kioo kikubwa kiko chini ya bomba na hakipati umande upesi, lakini lenzi ya jicho hupata ukungu kwa pumzi yako mwenyewe, hasa ukiwa ndani ya kitenge. Ukungu huo unazalisha nebula za uongo. Jaribu kwenye Kilimia. Mjerumani Wilhelm Tempel, aliyekuwa fundi wa kuchora kwenye mawe ya kupigia chapa, yaani mwenzako, aliona wingu hafifu kando ya nyota ya Merope mwaka 1859. Lipo kweli, ila liko upande mmoja wa nyota hiyo. Kama nyota zote kubwa za Kilimia zina utusitusi wa mviringo sawasawa, hiyo ni lenzi yako. Ipashe joto mfukoni. Na dawa ya mbu jipake, kwa sababu mbu na malaria havina utani, lakini nawa mikono kabla ya kushika vifaa. Yenye DEET huyeyusha baadhi ya plastiki.

Kwa ratiba ya mwaka: baada ya Orion, Carina iko juu yake kabisa kusini katikati ya Mei karibu saa mbili usiku, mvua za masika zikiwa zinaisha. Juni na Julai tafuta Mfuko wa Makaa kwa macho matupu, lile shimo jeusi kando ya Msalaba wa Kusini, nebula ya vumbi isiyohitaji darubini. Uichore pamoja na Njia ya Maziwa kwenye karatasi kubwa. Agosti ni ya M8, nebula iliyo katika kundinyota la Mshale, karibu na utosi saa tatu usiku, ila moshi wa mashamba yanayochomwa unaweza kukunyima. Msimu wa mvua usijihangaishe na usiku wa manane. Ngurumo za ziwani hukua wakati huo, na radi moja tu hata iwe mbali sana inafuta nusu saa yako ya giza.

Kama bado una fedha ya kutumia, nunua kichujio cha UHC cha inchi 1.25, kinachofungwa chini ya lenzi ya jicho. Kinapitisha mistari ya oksijeni niliyoitaja na ule wa haidrojeni wa nanomita 486, kisha kinazuia sehemu kubwa ya mwanga wa taa. Kwenye Carina, M8 na mabawa ya Orion utaona tofauti usiku wa kwanza, tumia lenzi ya milimita 25. Kwenye Kilimia na NGC 2261 kivue, kwa sababu hizo zinaakisi nuru ya nyota za jirani, na kichujio kitazizima pamoja na taa.